Siku Saba za Bure



Ukipita Darajani, mjini Unguja, wakati wa jioni, muuza halua akikuona umepunguza mwendo mbele ya sinia lake hakuulizi kitu. Anachota kipande kwa ncha ya kijiko, anakiweka juu ya karatasi, anakunyooshea. "Onja kwanza, bwana." Unaonja. Iliki na zafarani zinapanda puani, samli inabaki vidoleni. Kisha anakutazama. Hapo ama utasema "nipimie nusu", ama utasema "nitapita siku nyingine, inshallah". Lolote utakalosema, umelisema kwa mdomo wako, na hela ikitoka imetoka kwa mkono wako. Ukiondoka, mmeagana.

Mimi napenda biashara ya namna hiyo, na sina ugomvi na kuonja. Mwenye kuamini bidhaa yake haogopi kukuonjesha. Ninachotaka tukizungumzie leo ni kuonja kwa namna nyingine, kule kwenye simu na kompyuta, ambako ukionja halafu ukanyamaza, kunyamaza kwako kunahesabiwa kuwa umenunua. Tena umenunua kila mwezi, mpaka siku utakayoshtuka.

Mwaka jana mpwa wangu alikuwa anaomba nafasi ya chuo. Vyeti vyake alivipiga picha kimoja kimoja, na chuo kilitaka vyote viwe ndani ya faili moja, dogo, kabla ya saa sita usiku. Ilikuwa saa tatu. Akaja sebuleni na simu mkononi: "Mjomba, nimepata programu ya kuunganisha. Ni bure siku saba, ila inataka kadi." Nikampa kadi. Nakumbuka vizuri kile kioo cha simu: kitufe kikubwa cha kijani, kimeandikwa "anza bure", na chini yake mstari mmoja wa herufi nyembamba za kijivu ukieleza kwamba baada ya siku ya saba nitakatwa shilingi 26,000 kila mwezi hadi nitakapositisha. Niliusoma ule mstari. Sitasema sikuusoma. Nikajiambia nitasitisha kesho, kisha binti akabofya, kazi ikaisha saa nne na nusu, tukalala.

Miezi mitano baadaye nilikwenda benki kuchukua taarifa ya akaunti kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Dada wa dirishani akaisukuma karatasi chini ya kioo. Nikaona mistari mitano, jina lile lile la kigeni, tarehe ile ile ya kila mwezi. Shilingi 130,000. Nyumbani kwangu hiyo ni hela ya kujaza mtungi mkubwa wa gesi mara mbili, na chenji ya nyanya na vitunguu. Ile programu tuliitumia usiku mmoja, saa moja na nusu.

Tangu siku hiyo swali moja halijaniacha. Kama kitu ni cha bure, kadi ya nini?

Jibu lake ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1926, nchini Marekani, mfanyabiashara Harry Scherman na wenzake walianzisha klabu ya vitabu iliyoitwa Book of the Month Club. Mwanachama alichaguliwa kitabu cha mwezi, na klabu ikaja kubuni utaratibu huu: inakutumia kadi ya posta kukujulisha kitabu kinachokuja. Usipokitaka, irudishe kadi useme hapana. Usiporudisha, kitabu kinakuja na ankara inakuja. Tafakari uzito wa jambo hilo dogo. Kabla ya hapo, duka lilipaswa kukuvuta uinuke, uende, utoe hela. Sasa ukikaa tu kitini kwako, umenunua. Anayepaswa kuinuka ni yule asiyetaka. Klabu za sahani za santuri zikafuata mtindo huo huo, hata mwaka 1973 serikali ya Marekani ikalazimika kuziwekea klabu hizo kanuni.

Kwa hiyo kadi yako siku ya kwanza haiombwi kwa ajili ya siku saba. Inaombwa kwa ajili ya siku ya nane. Siku ya nane ndiyo siku ambayo muuza halua angekutazama usoni. Programu haikutazami. Saa inafika, hela inakatwa, nawe huenda uko kwenye daladala, au msikitini, au unamwogesha mtoto.

Na kuna mambo mawili ndani yetu wenyewe yanayowasaidia wauzaji hawa, nayo yamechunguzwa na wataalamu. La kwanza ni kwamba kitu kikishakuwa mkononi mwako, bei yake moyoni inapanda. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia wanafunzi, wakitumia vikombe vya kahawa. Nusu ya wanafunzi walipewa kikombe, nusu hawakupewa. Waliopewa, walipoulizwa wangekiuza kwa kiasi gani, walitaja bei ya karibu mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kununulia. Kikombe ni kile kile, na wamekaa nacho dakika chache tu. Sasa fikiria umekaa siku saba, au siku thelathini, na sinema zako, nyimbo zako ulizozipanga, picha zako ulizozihifadhi. Kuacha kunauma kuliko ambavyo kuanza kungekupendeza.

La pili ni kusahau. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa maneno yao yamepimwa kwa hesabu. Wachumi watatu wa Marekani, Liran Einav, Benjamin Klopack na Neale Mahoney, waliangalia kumbukumbu za malipo ya kadi kwa huduma kadhaa mashuhuri za kulipia kila mwezi. Walifanya jambo la busara sana: walitazama mwezi ambao kadi ya mteja inaisha muda na kubadilishwa. Mwezi huo malipo hayapiti yenyewe. Lazima mteja aingize namba mpya, yaani lazima aamue upya. Wakakuta mwezi huo ndio watu wanaacha kwa wingi. Kwa makadirio yao, kutokumbuka kwa wateja kunawaongezea wauzaji mapato kwa kati ya asilimia 14 na zaidi ya asilimia 200, kutegemea huduma. Asilimia 200, ndugu msikilizaji, maana yake ni kwamba kwa kila shilingi inayolipwa na mtu anayeitaka huduma, kuna shilingi mbili za aliyesahau.

Ninapoambiwa kwamba haya ni uzembe wa mteja, nataja namba hizo.

Sasa tuichukue Amazon, kwa sababu mambo yake yalifika mahakamani na yako wazi. Mwezi Februari 2005 duka hilo lilianzisha huduma iitwayo Prime. Ulilipa dola 79 kwa mwaka, ukaletewa mizigo ndani ya siku mbili bila kutozwa nauli ya kila mzigo. Leo ada hiyo ni dola 139. Mtu mpya hupewa siku 30 za kujaribu bure. Huduma yenyewe ni nzuri, mamilioni ya watu wanaipenda, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi: bidhaa ingeweza kujiuza kwa uzuri wake.

Mwezi Juni 2023, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara, FTC, iliishtaki Amazon. Ilidai kwamba mteja aliyefika mwisho wa manunuzi yake, pale anapotaka kulipia sabuni yake au kitabu chake aondoke, aliwekewa njia pana ya kujiunga na njia iliyofichika ya kukataa. Na ile ya kukataa iliandikwa maneno yenye maana hii: "Hapana, sitaki kuletewa mizigo bure." Yasikilize maneno hayo. Mtu anataka tu kununua sabuni, lakini ili asijiunge ni lazima atamke kwamba anakataa hisani. Nani aliyelelewa vizuri anapenda kujibu hivyo?

Kutoka kulikuwa shida zaidi. Kuingia ilikuwa kubofya mara moja au mbili. Kutoka, kwa maelezo ya tume, mteja alipitishwa kurasa nne, akabofya mara sita, akakutana na machaguo kumi na tano. Na wafanyakazi wa ndani ya kampuni walikuwa na jina la njia hiyo ya kutokea. Waliiita Iliad. Sisi tuliokulia kwenye tenzi tunaelewa jina hilo mara moja. Iliad ni utenzi wa Homer, wa Kigiriki, juu ya vita vya Troy, wenye mistari zaidi ya 15,000. Mtu alikaa ofisini, akaitazama safari ya mama mmoja anayetaka kuacha kulipa, akaona jina linaloifaa ni la utenzi wa vita usiokwisha. Hapo hakuna bahati mbaya. Aliyelitoa jina aliujua urefu wa njia.

Tarehe 17 Septemba 2025 Jaji John Chun wa Seattle aliamua kwamba kampuni ilikuwa ikichukua taarifa za malipo kabla ya kumwonyesha mteja masharti, jambo lililokatazwa na sheria ya Marekani ya mwaka 2010. Siku chache baadaye, kesi ikiwa imeshaanza kusikilizwa, pande mbili zilipatana. Amazon ilikubali kutoa dola bilioni 2.5: bilioni 1 faini, na bilioni 1.5 za kurudishiwa wateja wapatao milioni 35. Haikukiri kosa. Lakini ilikubali kuweka kitufe cha wazi cha kukataa, na yale maneno ya "sitaki kuletewa mizigo bure" hayaruhusiwi tena.

Mtu atasema, "Lakini aliyenyamaza si amekubali?" Sisi watu wa pwani tunajua kwamba ukimya unaweza kuwa jibu. Siku ya ndoa, walii anapoingia kumwuliza mwari kama ameridhia, mwari akainamisha kichwa asiseme kitu, wazee husema ameridhia, na haya yake inaheshimiwa. Lakini tazama kilichotangulia ukimya ule. Kuna mtu aliyeinuka, akaenda chumbani, akataja jina la mume, akataja mahari, akauliza, akangoja. Ukimya ule ni jibu kwa sababu una swali mbele yake, la siku ile ile, kwa sauti inayosikika. Siku ya nane mimi sikuulizwa na mtu. Niliulizwa siku ya kwanza, saa tatu usiku, nikiwa na haraka ya binti wa watu kukosa chuo.

Kuuliza upya hakuhitaji miujiza. Mwaka 2019 Mastercard iliwataka wauzaji wanaotuma bidhaa za majaribio waombe idhini ya mteja majaribio yanapoisha, wakimtajia kiasi, tarehe, jina la duka, na namna ya kuacha. Mwaka 2020 Visa nayo ikataka mteja akumbushwe kabla siku za majaribio hazijaisha. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Julai 2022, anayeuza usajili mtandaoni lazima aweke kwenye tovuti yake kitufe cha kuvunja mkataba, kinachoonekana na kilichoandikwa wazi. Marekani walijaribu kanuni kama hiyo mwezi Oktoba 2024, kwamba kutoka kuwe kwepesi kama kuingia, lakini mwezi Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta kwa kasoro za utaratibu kabla haijaanza kufanya kazi kikamilifu.

Na muuzaji mwenyewe ana cha kujifunza. Kuna gazeti moja kubwa la Ulaya ambalo wasomaji wake zaidi ya milioni 2 waliwekwa kwenye jaribio la watafiti. Wengine walipewa kipindi cha punguzo kinachojiendeleza chenyewe wasiposema kitu, wengine kinachoisha chenyewe. Waliopewa kile kinachojiendeleza walikuwa wachache kujiunga, kwa karibu robo au zaidi. Maana yake watu wanajijua. Wanajua watasahau, na baadhi yao wakiunusa mtego wanapita mbali, pamoja na wale ambao wangelipenda gazeti lenyewe.

Huku kwetu tulikuwa na kinga moja ambayo hatukuichagua: wengi hatukuwa na kadi. Mwezi Septemba 2021 Netflix ilifungua huduma ya bure nchini Kenya kwa wenye simu za Android. Hapakuwa na kadi wala malipo. Ukijiandikisha unatazama sehemu ya sinema na tamthilia zao, na ukitaka zote, unalipia. Mwezi Novemba 2023 wakaifunga. Waliotaka kuendelea walilipa, wasiotaka waliamka wakakuta mlango umefungwa na hela zao ziko pale pale. Ile ilikuwa halua ya Darajani. Nasema hivyo kwa dhati, ingawa huduma yenyewe haikudumu.

Kinga hiyo ya kutokuwa na kadi sasa imebomoka. Mwaka 2022 M-Pesa ya Kenya ilizindua kadi ya Visa isiyoshikika, inayokaa ndani ya simu, na Tanzania nako kadi za namna hiyo zipo kwenye mitandao ya simu. Ni jambo la heri. Kijana wa Kisumu au wa Mwanza analipia kozi ya ng'ambo bila kupanga foleni benki. Lakini mlango huo huo ndio unaotumiwa na siku saba za bure. Kwa hiyo nikuachie niliyojifunza kwa gharama yangu. Ukijiunga na jaribio, sitisha saa hiyo hiyo, kabla hujaitumia. Huduma nyingi zitakuacha uendelee mpaka siku zako ziishe, na ukiipenda utarudi kwa hiari. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo: mimi niliifuta yangu wiki ya pili nikadhani nimemaliza. Lazima uingie kwenye duka la programu, sehemu ya malipo na usajili, usitishe huko. Na kadi ya simu isiyo na salio haikatwi, basi tia pale kiasi unachotaka kutumia siku hiyo, usiweke akiba.

Lakini kuna watu ambao ushauri huo hauwafikii, na wao ndio wanaoninyima raha. Mama yangu yuko Tanga. Ana simu ndogo ya vitufe na macho yake hayaoni vizuri. Kila akiweka vocha ya shilingi 1,000 ananiambia, "Mwanangu, simu hii inakula hela." Tulidhani ni mtandao. Mwezi uliopita nilikwenda, nikaketi naye barazani, nikafungua ujumbe mmoja mmoja. Nilikuta amejiunga na huduma tatu: habari za mpira, dondoo za afya, na maneno ya mapenzi ya kumtumia mwenza. Baba alifariki miaka tisa iliyopita. Kila huduma ilianza na siku tatu za bure, kisha shilingi 100 kwa siku. Tatu kwa pamoja ni shilingi 9,000 kwa mwezi, kwa mtu ambaye hawezi kuusoma hata ujumbe mmoja wa huduma hizo.

Nikamwuliza, "Mama, ulijiungaje?" Hakujua. Tukiwa pale pale barazani, kioo cha simu kikawaka chenyewe: maneno mengi, na chini maneno mawili, Sawa na Ghairi. Kidole chake kikaenda kwenye Sawa. Nikamshika mkono. "Kwa nini unabonyeza hapo, mama?" Akanitazama kama ninayeuliza jambo la ajabu. "Si wananiambia kitu? Nawajibu sawa, nimesikia."

Amesema sawa maisha yake yote. Kwa majirani, kwa mwenye duka, kwa nesi wa zahanati. Ni adabu aliyofunzwa, naye akatufunza sisi. Mtu aliyeliweka neno hilo juu ya kitufe cha kukata hela analijua neno hilo vizuri kama ninavyolijua mimi, na ningependa wasimamizi wetu wa mawasiliano, na tume zetu za ushindani, waanzie hapo kabla ya kwenda kwenye mambo makubwa ya Amazon: mzee aulizwe, kwa lugha yake, kwa sauti, siku ile hela inapoanza kukatwa.

Tulituma neno ONDOA mara tatu, kwa namba tatu. Majibu yakaja. Kisha mama akaniambia nichukue kalamu nimwandikie lile neno jingine, kwa herufi kubwa, ili alikariri umbo lake. Nikaandika GHAIRI kwenye kipande cha boksi la dawa. Akakisogeza karibu na jicho, akakitazama kwa muda mrefu, akakiingiza nyuma ya simu, ndani ya ganda lake. Halafu akampigia dada yake, Pangani, na safari hii salio lilitosha mpaka wakaagana.